Mseto ulioishia mlangoni kwa sheha

Julai 18, 2012 meli ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja na kuzama karibu na kisiwa cha Chumbe. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu MV Spice Islander izame usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, na zilikuwapo familia ambazo hazikupata hata maiti wa kuzika. Siku chache baada ya ajali ile ya pili, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Alikuwa waziri kutoka CUF ndani ya serikali ya mseto iliyoundwa mwaka 2010 na kuongozwa na Rais kutoka CCM, Dk. Ali Mohamed Shein. Rais aliridhia, na wizara ile akampa Rashid Seif Suleiman, naye mtu wa CUF.

Waziri kujiuzulu si jambo la kila siku kwetu. Wanaopenda historia hukumbusha kwamba hata Mzee Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuiachia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Muungano katika miaka ya 1970, kwa vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa polisi Shinyanga, ambavyo hakuvitenda yeye, na heshima aliyoipata kwa uamuzi ule haikumtoka maisha yake yote. Kwa hiyo waliomsifu Hamad Masoud walimtendea haki. Lakini tangu siku ile nimebaki na swali jingine: kabla meli haijazama, waziri yule alikuwa na nini mkononi? Katibu Mkuu wa wizara yake aliteuliwa na Rais. Fedha za wizara zilipitia kwa waziri wa chama kingine. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na sheha (kiongozi wa serikali katika shehia, yaani mtaa au kijiji), ambao ndio wanaomfikia mwananchi, hawakuwa na habari naye. Katika yote yaliyogawanywa mwaka 2010, lawama peke yake ndiyo aliyokabidhiwa ikiwa nzima.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, na nadhani tumekuwa tukiutafuta pengine. Kila uchaguzi ukipita tunabishana kama Makamu wa Kwanza ataapishwa au hataapishwa, chama cha pili kitapewa wizara ngapi, na nani kaachiwa wizara yenye fungu dogo. Ni mabishano kuhusu viti. Kamba inayotoka kwenye kiti hadi kwa mwananchi, yaani mlolongo wa watendaji wanaoigeuza amri ya waziri kuwa kazi, haikuguswa hata kidogo, na bado iko mikononi mwa upande mmoja.

Neno mseto lina historia yake Unguja na Pemba, na si historia tamu. Uchaguzi wa Juni 1961 uliipa ASP (Afro-Shirazi, chama kilichokuja kuungana na TANU na kuzaa CCM) viti 10, ZNP (Hizbu) viti 10 na chama cha tatu, ZPPP, viti 3. ZPPP ikajiunga na ZNP, Mohamed Shamte akawa kiongozi wa serikali, na ghasia za siku zile zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na mseto uleule ukaunda serikali iliyopokea uhuru Desemba 10, 1963 na kupinduliwa Januari 12, 1964. Mseto ule ulikuwa hesabu ya kumweka mtu nje ya nyumba. Ule wa 2010 ulikusudiwa kumwingiza ndani aliyekwisha kuwekwa nje, na hiyo ni tofauti kubwa ambayo wapinzani wa maridhiano, hasa wahafidhina wa pande zote mbili, hawakupenda kuikiri.

Sababu ya kumwingiza ilikuwa ya kihesabu kabla ya kuwa ya kiungwana. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa kura 1,565. Nchi iliyogawanyika namna hiyo haiwezi kuongozwa kwa utaratibu wa aliyeshinda kuchukua kila kitu, na matokeo ya kujaribu kuiongoza hivyo tuliyaona: muafaka wa CCM na CUF wa 1999 ukavunjika, watu wakauawa Januari 2001, wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, jambo ambalo Mtanzania hakulizoea kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukipokea wakimbizi. Muafaka wa pili wa Oktoba 2001 nao ulitekelezwa nusu nusu. Ikabidi Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakutane wenyewe Ikulu ya Zanzibar Novemba 5, 2009, bila msuluhishi wa kigeni. Wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, Katiba ikafanyiwa marekebisho ya kumi, na Oktoba 31 ya mwaka uleule Dk. Shein akapata asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Safari hii hakuna aliyekimbilia Shimoni.

Kwa hiyo siandiki kuubeza mseto huu. Ulizuia damu, na asiyethamini hilo hakuwapo 2001. Naandika kwa sababu jambo lililozuia damu mwaka 2010 lilikauka mwaka 2016 bila mtu kulivunja, na ni muhimu kujua lilikaukaje.

Katiba ilivyorekebishwa inasema Makamu wa Kwanza wa Rais atatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na kwamba Rais atateua mawaziri kwa kushauriana na Makamu wake wote wawili, kwa uwiano wa viti vya majimbo vya vyama vilivyomo katika Baraza la Wawakilishi. Masharti haya hayawezi kuondolewa bila kurudi kwa wananchi kwa kura ya maoni. Kwa maandishi, basi, mseto wa Zanzibar umelindwa sana. Ule wa Kenya wa 2008, ambao wenyewe waliuita nusu mkate, ulikuwa na umri wake tangu kuzaliwa.

Tatizo liko kwenye neno kushauriana. Ukiniuliza, nikakujibu, kisha ukafanya lako, tumeshashauriana. Sheria ya Kenya iliyotokana na mapatano ya Februari 28, 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga ilikwenda mbele hatua moja: waziri aliyependekezwa na chama mshirika hakuweza kuondolewa bila ridhaa ya maandishi ya kiongozi wa chama chake. Ridhaa na ushauri ni vitu viwili. Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu lenye uzito: Kenya ilipata serikali yenye vichwa viwili, na Februari 2010 Raila alipotangaza kuwasimamisha kazi mawaziri William Ruto na Sam Ongeri, Kibaki alilifuta tangazo hilo siku hiyohiyo, Wakenya wakabaki wakitazama mchezo wa kuvutana kamba. Wana-CCM wa Zanzibar husema hawataki meli yenye manahodha wawili. Nakubaliana nao katika sera, kwa sababu Rais aliyechaguliwa ana haki ya kuongoza. Sikubaliani nao katika uteuzi wa watendaji, kwa sababu huko hakuna unahodha unaogombewa. Kuna mabaharia, nao ni wa meli nzima.

Kiti chenyewe nacho kina mambo yake. Baraza la mawaziri la Zanzibar haliitwi baraza la mawaziri. Linaitwa Baraza la Mapinduzi, na serikali ni Serikali ya Mapinduzi. Novemba 2010 watu ambao kwa miaka kumi na mitano waliitwa vibaraka wa sultani kwenye majukwaa ya kampeni waliingia wakaketi ndani ya Baraza la Mapinduzi: Abubakar Khamis Bakary akakabidhiwa Katiba na Sheria, Juma Duni Haji Afya, Nassor Ahmed Mazrui Biashara. Kwa mtu wa Kisonge, maskani ya wana-CCM, hilo halikuwa jambo dogo, na kwa mtu wa Jaws Corner, kijiwe cha wana-CUF, pia, maana wapo waliodhani mtu wao akiingia mle ndani atalibadilisha jina. Hakulibadilisha, wala hakujaribu. Ishara ile ilikuwa na thamani yake, na ndiyo iliyoituliza miji.

Lakini tazama ofisi aliyopewa Makamu wa Kwanza. Kikatiba ni mshauri wa Rais, na shughuli zilizowekwa chini yake ni mazingira, watu wenye ulemavu, udhibiti wa dawa za kulevya na mapambano dhidi ya ukimwi. Sisemi kwamba hayo ni mambo madogo. Mwenye mtoto aliyenasa kwenye unga hatayaita madogo. Nasema ni mambo ambayo hayana uteuzi ndani yake. Shughuli za serikali barazani ziko kwa Makamu wa Pili, ambaye ni wa chama cha Rais. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata Baraza la Mapinduzi zima likikaa na kukubaliana, askari anayesimama kituoni siku ya kura anapokea amri kutoka Dodoma. Makatibu wakuu, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya ni wa Rais peke yake. Sheha naye anatokana na mkuu wa mkoa.

Sheha anastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu mtu asiyeishi Zanzibar hawezi kujua uzito wake. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, unaanza kwake. Ukitaka kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, utaulizwa kitambulisho hicho, na iwapo kuna shaka kama wewe ni mkaazi wa pale, sheha ndiye anayekujua au asiyekujua. Katika kipindi cha kwanza cha mseto, wakati chama cha pili kilikuwa na mawaziri kamili wenye madereva na bendera kwenye magari, nilimsindikiza kijana mmoja, mtoto wa jirani, kwa sheha wa shehia ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi la mbao chini ya mwembe pamoja na wengine saba au wanane. Kijana alikuwa na cheti cha kuzaliwa kilichotiwa kwenye mfuko wa nailoni kisichakae, na mama yake alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale tulipokaa. Sheha alilifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akalifunga. "Wewe sikutambui," alisema, kwa upole kabisa, na akamwita aliyefuata.

Hakuna waziri aliyekuwa na uwezo wa kuibatilisha sentensi ile. Angeweza kumpigia simu mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya angemwamkia kwa heshima zote, akamuuliza hali ya nyumbani, akaahidi kulitazama suala. Mseto ulikuwa kwenye ofisi za Vuga na Ikulu. Haukufika chini ya mwembe.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mzima achoke kwa kitambulisho wakati tunazungumzia serikali. Jibu ni kwamba mnyororo mzima unaanzia hapo. Uwiano wa mawaziri unatokana na viti vya majimbo. Viti vinatokana na kura, kura zinatokana na daftari, na daftari kwa kiasi kikubwa linatokana na sheha. Mwaka 2010 CUF ilishinda majimbo 22 kati ya 50, yakiwamo yote 18 ya Pemba, na hesabu hiyo iliwapa mawaziri ambao hakuna aliyeweza kusema wamepewa kwa huruma. Chama mshirika kikiwa na viti vya kutosha, neno kushauriana hupata meno hata kama sheria haikulipa. Kikikosa viti, linabaki neno la adabu.

Nalo Baraza la Wawakilishi lililipa gharama yake. Vyama vyote viwili vilivyokuwamo vilikuwa serikalini, kwa hiyo hapakuwa na upinzani rasmi wa kuisimamia serikali. Kilichotuokoa ni viti vya nyuma. Ismail Jussa wa Mji Mkongwe na Hamza Hassan Juma wa Kwamtipura, mmoja CUF na mwingine CCM, waliwahoji mawaziri kwa ukali ambao mabaraza mengi yenye upinzani rasmi hayana, na wakati mwingine waziri alibanwa na mtu wa chama chake huku wa chama kingine akimtetea. Nadhani ile miaka mitano ilikuwa bora kuliko mingine yote katika historia ya Baraza lile. Haikutokana na muundo, ilitokana na watu, na watu huondoka.

Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, na wapo wajumbe wa Tume waliojitokeza kusema hawakushirikishwa. Watu husahau jambo moja kuhusu siku ile: mseto ulikuwa bado hai. Maalim Seif alikuwa bado Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wa CUF walikuwa bado mawaziri. Hakukuwa na kikao cha Baraza la Mapinduzi ambacho wangeweza kukitumia kuuzuia uamuzi ule, kwa sababu Tume haikuwa sehemu ya mseto. Vikao vya Ikulu kati ya Maalim na Dk. Shein, pamoja na marais wastaafu, vilifanyika na kwisha bila kuzaa kitu. Kama kuna ushahidi mmoja unaotosha kuonyesha kwamba mawaziri wale waligawiwa viti pasipo madaraka, basi ni huo.

CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia 10 ya kura za urais, kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu kwa miaka karibu mitano. Rais aliwateua mawaziri watatu kutoka vyama vidogo: Hamad Rashid Mohamed wa ADC akapewa Kilimo, Said Soud Said wa AFP na Juma Ali Khatib wa TADEA wakawa mawaziri wasio na wizara maalumu. Sina neno baya juu yao binafsi. Ila waziri asiye na wizara, kutoka chama kisicho na jimbo, ndani ya serikali isiyo na mshirika, ni picha ya mseto iliyotundikwa ukutani baada ya mwenyewe kuhama.

Mwaka 2020 mwenyewe alirudi, akiwa amepungua. Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa na asilimia 76.27, Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, na 19.87. Rais mpya alipotangaza mawaziri wake aliacha wizara mbili wazi kwa ajili ya ACT. Chama kilibishana ndani kwa ndani hadi Desemba, kikakubali, na Maalim akaapishwa Desemba 8, wiki kumi tu kabla ya kufariki Muhimbili Februari 17, 2021. Wizara ya Afya ikaenda kwa Nassor Mazrui, mtu ambaye siku za uchaguzi alikuwa amekamatwa na kushikiliwa na vyombo vya dola. Nafasi ya Maalim akaichukua Othman Masoud Othman, ambaye mwaka 2014 aliondolewa katika uanasheria mkuu wa serikali ileile baada ya kupiga kura ya kukataa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba. Wengine waliyaona mambo haya kama maajabu ya maridhiano. Mimi niliona serikali ambayo inaweza kumfukuza mtu, kumshika mtu, kisha kumpa kiti mtu yuleyule, na katika hatua zote tatu hakuna utaratibu uliobadilika, ni nia tu ya aliye juu.

Nia njema ni neema, na Dk. Mwinyi angeweza kuwa mbaya zaidi ya alivyokuwa kwa chama ambacho hesabu haikukipa nguvu ya kudai. Lakini wizara mbili zilizoachwa wazi kwa hisani zinaweza kuzibwa kwa hisani. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulituonyesha tena palepale: Dk. Mwinyi akatangazwa mshindi dhidi ya Makamu wake wa Kwanza mwenyewe, ACT ikayakataa matokeo, na mjadala ukaanza upya, nani ataapishwa na viti vingapi.

Mimi ningeomba mjadala ushuke. Chama cha pili kikae mezani kisiombe wizara ya tatu au ya nne; kiombe mambo ambayo hayapigwi picha. Neno ridhaa liandikwe pale palipoandikwa ushauri, katika kuteua na kuwaondoa mawaziri wa chama mshirika tu, sera zikabaki kwa Rais. Makatibu wakuu wapatikane kwa usaili mbele ya tume ya utumishi, ili waziri wa chama chochote akute mtendaji ambaye hana deni kwa mtu. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi asiwe na uwezo wa kusoma tangazo ambalo wajumbe wenzake hawajaliona. Na sheha achaguliwe na wakaazi wa shehia yake, kwa kura ya mkono hata kama ni kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu majirani hawawezi kumwambia mtoto wa jirani yao kwamba hawamtambui.

Kijana niliyemsindikiza alikipata kitambulisho chake. Sheha alimwita mwenyewe, akampa mkononi, akamtaka asaini daftarini. Uchaguzi ulikuwa umepita.